Vidukari kwenye shamba la matufaha: mwongozo kamili wa kuwadhibiti bila kutegemea sumu

Mkulima akiona pamba nyeupe imejibandika kwenye kovu la tawi alilopogoa, wazo la kwanza huwa ni ukungu. Ananunua dawa ya ukungu, anapuliza, wiki mbili zinapita, pamba iko palepale na imeongeza ndugu. Kabla hujatoa hela dukani, bonyeza pamba hiyo kwa kidole gumba. Kidole kikitoka na majimaji mekundu kama umeua mbu aliyeshiba, hao ni vidukari sufi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti na kujifunika kwa nta inayofanana na pamba, na dawa ya ukungu haiwahusu.

Kosa la pili ni kukimbilia sumu kali iliyopo dukani. Nililifanya mwenyewe kwenye miti yangu ya kwanza. Wiki ya kwanza shamba lilikuwa safi, nikajipongeza. Baada ya mwezi na nusu vidukari walikuwa wengi kuliko mwanzo. Sumu ile iliua kila kilichotembea, wakiwemo wadudu waliokuwa wakila vidukari, lakini haikuwafikia vidukari waliokuwa chini ya udongo wala waliojificha ndani ya nyufa za gome. Wao walipanda tena mtini na kukuta hakuna wa kuwala.

Mwongozo huu ni wa mwenye miti kuanzia mia mbili hivi kwenye nyanda za baridi: Makete, Njombe, Lushoto, Limuru, Nyandarua, Kabale na kwingineko kunakofanana. Mwenye miti mitano uani anaweza kuchukua kitambaa na maji ya sabuni akaifuta, kazi ikaisha. Kwenye ekari mambo ni mengine.

Na kuna sababu ya kibiashara pia. Dawa tulizozizoea zinaondoka moja baada ya nyingine. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya imidaklopridi kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki, na mwaka 2020 ukakataa kuongeza muda wa kibali cha klopirifosi. Anayejifunza njia mbadala leo hatashikwa na mshangao siku rafu ya duka itakapokuwa tupu.

Hatua ya 1: Mjue mdudu kabla ya kumtafutia dawa

Vidukari wa kijani hukaa kwenye machipukizi laini na upande wa chini wa majani machanga. Majani hujikunja, hunata, kisha hufunikwa na masizi meusi. Masizi hayo ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu ambayo vidukari huyatoa. Kwenye mti mkubwa unaozaa, vidukari hawa husumbua macho kuliko mavuno. Kwenye mche wa mwaka mmoja au miwili ni habari nyingine: ncha ikidumaa, umbo la mti mzima linaharibika.

Kidukari sufi, ambaye wataalamu humwita Eriosoma lanigerum, ndiye wa kuogopwa. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na alisambaa duniani kwa kusafirishwa na miche. Hukaa kwenye makovu ya kupogolea, kwenye nyufa, kwenye makwapa ya matawi, na kwenye mizizi. Anapofyonza, mti huota vinundu, navyo huziba njia za maji na chakula. Mche wenye vinundu vingi mizizini hudumaa na unaweza kufa kabla haujazaa hata kikapu kimoja.

Ukisoma miongozo ya Ulaya utakuta yupo wa tatu, kidukari wa rangi ya waridi iliyofifia, na kalenda yao yote imejengwa juu yake: mayai wakati wa baridi, kuanguliwa majira ya kuchipua, kuhamia kwenye magugu kiangazi. Usiinakili kalenda hiyo. Huku kwetu hakuna theluji ya kuwalaza wadudu. Kidukari jike anazaa watoto hai bila kupandwa na dume, mwaka mzima, na joto likiwa la wastani mtoto naye huanza kuzaa baada ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo hatuna yai la kuvizia. Tuna makundi ya wadudu hai, na lazima tujue yamelala wapi.

Hatua ya 2: Hesabu, na andika

Gawa shamba katika vitalu. Kila wiki, siku ileile, chagua miti 10 kwa kitalu, ukienda kwa mshazari ili usikague ya pembeni tu. Kwa kila mti angalia machipukizi 10. Andika mangapi yana vidukari, na mangapi kati ya hayo yana wadudu wanaowala. Halafu piga goti, angalia shina kuanzia usawa wa udongo hadi kwenye makwapa ya kwanza. Miti miwili kati ya hiyo, fukua udongo taratibu kwa kina cha kama sentimita 10 karibu na shina, uone mizizi ina pamba au vinundu.

Kwenye miti inayozaa, mimi sishtuki kwa vidukari wa kijani mpaka nusu ya machipukizi niliyokagua yawe nao, na hata hapo nauliza kwanza kama walaji wao wamefika. Kwa miti ya chini ya miaka mitatu nachukua hatua mapema, wakifika robo. Kwa sufi sina kiwango cha kuvumilia kwenye miche michanga. Kila kundi naliondoa.

Daftari la wiki nane litakuonyesha jambo ambalo macho hayaoni: kwamba tatizo huanzia kila mara kwenye kitalu kilekile. Mara nyingi ni kile kilichopata mbolea nyingi, au kile kilichopandwa miche iliyotoka kwa muuzaji tofauti.

Hatua ya 3: Anzia kwenye mche

Kwa anayepanda upya, hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua nyingine zote. Mtufaha wa biashara ni miti miwili iliyounganishwa: juu kuna aina ya tunda, kwa mfano Anna au Dorsett Golden, na chini kuna shina linalobeba mizizi. Hilo la chini ndilo linaloamua kama sufi wataishi mizizini.

Karne iliyopita watafiti wa Uingereza, katika vituo vya East Malling na Merton, walichukua mtufaha wa Kimarekani uitwao Northern Spy, ambao sufi hawaupendi, wakauzalisha na mashina mengine. Matokeo yake ni mashina yanayoanza na herufi MM, na yanayojulikana zaidi ni MM106 na MM111. Mashina mafupi yanayopendwa kwenye mashamba ambayo miti hufungwa kwenye waya, kama M9 na M26, hayana kinga hiyo. Katika mashina mapya kutoka Geneva, New York, G.41, G.202 na G.210 yana kinga, lakini G.11 na G.935 hayana, kwa hiyo neno "Geneva" peke yake lisikutoshe.

Muulize muuzaji wa miche: imebebeshwa kwenye shina gani? Akikujibu "la kienyeji" au akababaika, huo mche unaweza kuwa mzuri kwa mambo mengine, lakini kwa sufi umejitolea mwenyewe. MM106 nayo ina kasoro yake: huoza shingo, yaani shina pale linapokutana na udongo, kwenye ardhi inayotuamisha maji. Kwenye mabonde yenye unyevu chagua MM111, na miti itakuwa mikubwa kidogo.

Kumbuka kwamba kinga hii ni ya mizizi. Matawi ya juu bado yataliwa. Tofauti ni kwamba hakutakuwa na ghala la wadudu chini ya udongo la kuwapandisha upya kila msimu.

Mche ukifika shambani, usiupande siku hiyohiyo. Osha udongo kwenye mizizi ya miche michache, tafuta vinundu na pamba. Ukikuta, rudisha mzigo wote. Ni aibu ya dakika kumi inayokuokoa miaka kumi.

Hatua ya 4: Usiulainishe mti kupita kiasi

Vidukari hufuata utomvu wenye naitrojeni nyingi. Shamba lililomwagiwa yurea au samadi mbichi kwa wingi huotesha machipukizi marefu, laini, ya kijani kibichi kinachong'aa. Kwa mkulima hiyo ni afya. Kwa kidukari ni karamu.

Pima machipukizi ya mwaka kwa rula. Mti unaozaa ukirefusha matawi kwa sentimita 30 hadi 45 kwa mwaka unatosha. Ukivuka 60, punguza naitrojeni msimu ujao, na kiasi kilichobaki kigawe mara mbili au tatu badala ya kukimwaga kwa mkupuo.

Kata machipukizi ya maji yanayosimama wima katikati ya mti, na yale yanayotoka chini ya shina. Haya ya chini ndiyo ngazi ya sufi kutoka mizizini. Fungua katikati ya mti hewa na jua viingie, maana sufi wanapenda kivuli. Matawi yenye makundi yachome moto siku hiyohiyo. Ukiyarundika pembeni mwa shamba, wadudu wataendelea kuishi humo kwa siku kadhaa wakitafuta njia ya kurudi.

Hatua ya 5: Wakatie sisimizi njia

Sisimizi wanaopanda na kushuka kwenye shina hawaji kula vidukari. Wanakuja kukamua. Wanayachukua yale majimaji matamu, na kwa malipo wanawafukuza wadudu wote wanaotaka kula mifugo yao. Ukiwaondoa sisimizi, nusu ya kazi yako itafanywa na wadudu wengine bure.

Funga shina kwa mkanda wa plastiki au karatasi ngumu wenye upana wa sentimita 10 hivi, kimo cha goti au juu kidogo. Bana vizuri, maana wakipata mwanya watapita chini yake. Kisha paka juu ya mkanda gundi ya wadudu isiyokauka upesi, kitu cha kufanana na ulimbo wa kunasia ndege. Usipake gundi moja kwa moja kwenye gome, hasa la mti mchanga: linaungua na kupasuka. Na nakuomba, usipake oili chafu ya gari. Nimekuta mashamba yaliyopakwa, na gome lilikuwa linabanduka kama ngozi ya nyoka.

Mkanda ni kazi bure kama nyasi au tawi lililolala chini linagusa majani, kwa sababu sisimizi watapita huko. Fyeka kuzunguka shina, inua matawi ya chini. Kagua mikanda kila baada ya wiki mbili, kwani vumbi na maiti za sisimizi hugeuka daraja. Faida ya ziada ni kwamba mkanda huohuo hunasa watoto wa sufi wanaotoka mizizini kupanda juu.

Hatua ya 6: Wape nafasi walaji wa vidukari

Wengi wapo shambani tayari, ila hatuwatambui na tunawaua. Mbawakawa wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, kila mtoto anawajua. Lakini lava wao, yaani mtoto ambaye bado hajapata mabawa, mwenye umbo la mamba mdogo mweusi mwenye alama za rangi ya chungwa, watu humponda wakidhani ni mharibifu. Yeye ndiye mlaji mkubwa. Nzi-maua wenye michirizi ya njano, wanaoelea hewani kama helikopta, hutaga mayai katikati ya kundi la vidukari, na lava mmoja humaliza mamia kabla hajakomaa. Wapo pia wadudu dhaifu wenye mabawa ya kijani yenye mishipa kama wavu. Wafundishe vibarua wako wote hawa kwa macho, kwa kuwaonyesha juu ya jani.

Kwa sufi kuna nyigu mmoja maalumu, mwenye urefu wa milimita moja tu, Aphelinus mali. Hutaga yai ndani ya kidukari, na mtoto wake humla kutokea ndani. Kidukari aliyekufa hivyo hugeuka mweusi, hupoteza sufi yake, na baadaye hubaki na tundu la duara mgongoni. Mwaka 1921 nyigu huyu alipelekwa New Zealand kutoka Amerika ya Kaskazini, na tangu hapo amesambazwa kwenye nchi nyingi zinazolima matufaha. Ukikagua makundi ya sufi ukakuta vidukari weusi wenye matundu, usipulize chochote hapo. Kata vijiti vichache vyenye weusi hao, vifunge kwenye miti iliyoathirika ya kitalu kingine cha shamba lako. Kuagiza nyigu kutoka nje ya nchi bila kibali ni kosa, hata kama nia ni njema.

Nyigu huyu ana mipaka miwili. Haingii ardhini, kwa hiyo sufi wa mizizini hawamjui. Na baridi inamchelewesha kuliko inavyowachelewesha vidukari, kwa hiyo miezi ya Juni hadi Agosti kule Makete usitarajie makubwa.

Walaji hawa wakiwa wakubwa wanahitaji chavua na nekta. Panda dania kati ya mistari na uiache itoe maua. Karoti na shamari zilizoachwa zikachanua zinafaa pia. Panda kwa awamu, kila wiki nne, maua yasikatike. Mistari miwili kwa kila kitalu inatosha kuanzia, na dania ya mwanzo unaweza kuiuza.

Hatua ya 7: Tumia wiki ambazo mti uko uchi

Wakulima wengi wa huku hupukutisha majani baada ya kuvuna, kwa mkono au kwa kupuliza yurea, ili mti ulale kidogo kisha uchanue kwa pamoja. Wiki hizo ndizo majira yetu ya baridi ya kutengeneza. Mti uko wazi, kila kundi la sufi linaonekana, hakuna jani la kuungua wala ua la kumdhuru nyuki. Ajabu ni kwamba wengi huipoteza nafasi hii, halafu miezi mitatu baadaye wanahangaika na bomba ndani ya majani mazito.

Fanya hivi. Pogoa kwanza. Kisha kila kibarua apewe mstari wake, ndoo ya maji ya sabuni na brashi ya nywele ngumu, asugue kila kovu, kila ufa na kila kwapa lenye pamba. Ni kazi ya mikono, ndiyo, lakini hufanywa mara moja kwa msimu. Baada ya siku moja au mbili, puliza mafuta meupe ya kilimo, yaliyotengenezwa kwa ajili ya mimea, kwa asilimia 2: mililita 400 kwenye bomba la lita 20. Lowesha mti hadi utiririke, shina na matawi pande zote. Mafuta huua kwa kuziba matundu ya kupumulia, kwa hiyo asiyeguswa hafi.

Acha mara tu macho ya mti yanapoanza kuonyesha kijani. Na kama ulipuliza salfa kwa ajili ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga juu ya majani, tenganisha na mafuta kwa wiki nne. Viwili hivyo vikikutana vinaunguza.

Hatua ya 8: Sabuni, kwa vipimo

Majani yakisharudi, sabuni ndiyo silaha ya kwanza. Itumike sabuni ya maji ya potasiamu iliyotengenezwa kwa mimea. Sabuni ya unga ya kufulia ina kemikali za kuondoa mafuta, nazo hubabua majani.

Kwa vidukari wa kijani tumia asilimia 1, yaani mililita 200 kwa lita 20. Kwa sufi panda hadi asilimia 2, na ongeza nguvu ya pampu ili maji yavunje ile nta. Maji yenye chumvichumvi hugandisha sabuni ikawa utando mweupe. Jaribu kwenye chupa kwanza, na kama inaganda tumia maji ya mvua.

Jaribu pia kwenye matawi mawili ya kila aina ya tunda na usubiri saa 48. Matunda machanga huweza kupata makovu ya kahawia, na kovu kwenye ganda ni bei iliyoshuka. Puliza jioni au asubuhi na mapema, kamwe si jua la saa sita. Elekeza bomba chini ya majani. Sabuni ikishakauka haina nguvu tena, kwa hiyo rudia baada ya siku 5 hadi 7. Puliza miti iliyoathirika tu na iache mingine, ili walaji wapate pa kukimbilia.

Hatua ya 9: Mwarobaini na pareto

Mwarobaini haustawi kwenye baridi ya kwetu, ila mbegu zake huja kutoka Pwani na Dodoma. Twanga gramu 50 za mbegu kavu kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo, tumia siku hiyohiyo jioni. Huwazuia vidukari wachanga kujivua gamba na kukua, kwa hiyo usitafute maiti kesho yake, subiri siku kadhaa. Kwa sufi wenye nta nene ni dhaifu.

Pareto tunailima wenyewe, Iringa, Mbeya, Njombe, na Wakenya kule Nakuru na Nyandarua, na labda ndiyo maana tunaiamini mno. Ni ya asili, huoza haraka juani, lakini haichagui: huua mbawakawa wekundu na yule nyigu mdogo sawasawa na kidukari. Mimi naiweka kwa dharura, jioni, kwa miti michache.

Majivu na pilipili, kwa bustani ya nyumbani sina ugomvi navyo. Maji ya tumbaku nayakataa kabisa: nikotini ni sumu kali kwa anayepuliza, na hupita kwenye ngozi.

Hatua ya 10: Ikibidi dawa ya viwandani

Itafika wiki ambayo hesabu imepanda na walaji hawajaonekana. Hapo tafuta kiambato kinachochagua vidukari, kama flonikamidi, na si zile za kuua kila kitu. Hakikisha dawa imesajiliwa kwa matufaha na mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, na soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Usipulize wakati wa maua, maana mtufaha bila nyuki hauzai. Usirudie kiambato kilekile mara mbili mfululizo.

Acha mstari mmoja bila kupuliza, ufunge utepe. Siku ya saba rudi na daftari, hesabu mstari huo na ule uliopuliza. Zaidi ya mara moja nimekuta mstari wenye utepe umesafishwa na lava wa mbawakawa, na mimi nimeshalipia dawa.